Petroli ya Mwalimu Gwamaka

Mwaka jana, mwanzoni mwa Mei, nilimwita mtu mwizi mbele ya sheli iliyojaa watu. Mtu mwenyewe hakuwa mwizi. Aliyenionyesha hivyo ni fundi wa magari anayeitwa Anyosisye, na tangu siku ile namsimulia kwa kila mteja anayekaa dukani kwangu zaidi ya dakika tano. Mke wangu Salma ameshachoka kuisikia habari hii. Wewe hujaisikia, kwa hiyo kaa.

Jina langu ni Bashiri. Nauza vitambaa hapa Kyela mjini, katika duka alilolifungua babu yangu alipofika kutoka Kilwa. Kwa miaka mingi nilisafirisha mizigo kwa magari ya watu, mpaka nikapata nafasi ya kununua langu: Hilux nyekundu ya kabini moja, injini ya petroli ya zamani yenye kabureta. Niliinunua Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, kwa mwalimu mstaafu aitwaye Yohana. Mzee yule alikuwa amelitunza gari hata viti vyake vilivishwa vitambaa vya kufuma. Siku ya kunikabidhi funguo alijaza tangi mpaka juu, kama zawadi, maana kwao siku zile petroli ilipatikana kwa shida na alijua nisingeipata njiani.

"Haya mafuta ya kwetu yana spiriti ndani yake, Bwana Bashiri," aliniambia. "Yatumie, usiyaweke."

Nikasema sawa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiangalia taa za mbele.

Pale Kasumulu, mpakani, nilikwama kwa kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimebeba nakala za hati za gari badala ya hati zenyewe, na Mzee Yohana alikuwa ameshaondoka kwenda Lilongwe kumtembelea mwanawe. Gari likalala kwenye uwanja wa wazi wiki tano. Mvua za Kyela za Machi na Aprili mtu wa huku haelezwi. Kwa mtu wa mbali niseme tu kwamba ukianika shuka Jumatatu unaweza kulianua Ijumaa likiwa bado bichi. Gari lilinyeshewa usiku na mchana, likapigwa jua katikati, likanyeshewa tena.

Hati zilipofika nilililipia ushuru, nikalileta nyumbani. Wiki nzima nililizungusha mjini hata pasipo na safari. Asubuhi lilikohoa kidogo, kisha likatulia. Tangi lilipofika nusu nikaenda sheli ya Amon, iliyo karibu na soko, nikaongezewa lita ishirini. Aliyenijazia alikuwa Gwamaka.

Gwamaka tulisoma naye shule ya msingi. Watu humwita Mwalimu kwa sababu anafundisha kwaya kanisani kwao, na hata akishika pampu huwa anaimba sauti ya nne chini chini, kana kwamba wenzake watatu wamesimama pembeni. Ni mtu wa maneno machache. Siku hiyo alilizunguka gari langu mara mbili, akasema, "Umepata chombo, Baba Shani. Hongera."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Binti yangu Shani, aliyeolewa Tukuyu, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na siku hiyo ilikuwa ya akika yake. Babu mtu nilitakiwa nifike na mbuzi mmoja kati ya wawili, pamoja na magunia mawili ya mchele wa Kyela, kwa sababu Salma alikwisha kuwatangazia wakwe zetu kwamba hawatakula mchele mwingine. Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwenye tambarare Hilux ilikwenda kwa raha. Tulipoanza kupanda, migomba ikiwa kulia na kushoto, ikaanza kumisi, mwako unakatika na kurudi. Nikakanyaga mafuta, ikazidi kuishiwa nguvu. Ikaruka, ikatetemeka, ikatoa moshi, ikazimika katikati ya kona.

Nilijaribu kuiwasha mpaka betri ikachoka. Mbuzi analia nyuma, Salma kimya mbele. Ukimya wa Salma ni mzito kuliko kelele za mbuzi. Tulikuja kuokolewa na lori la ndizi, tukapanda na magunia yetu na mnyama wetu, tukafika Tukuyu saa saba mchana. Dua ilikwisha kusomwa. Mbuzi wa upande wa pili alikuwa tayari kwenye sufuria. Jina la mtoto, Muksini, nilitajiwa na jirani mlangoni, kama mpita njia.

Sikusema kitu mbele ya wakwe. Lakini moyoni hesabu yangu ilikuwa fupi: gari lilikuwa zima, likajazwa petroli, likafa. Jumapili nilirudi pale lilipoachwa nikiwa na fundi mmoja wa mjini. Alilegeza nati ya chini ya tangi, akakinga kwenye chupa ya maji ya kunywa. Chupa ilipotulia, yaliyomo yakagawanyika sehemu mbili. Juu petroli, chini kitu kama maji machafu, na mpaka kati yao umenyooka.

"Maji," alisema yule fundi. "Umeuziwa maji, mzee."

Jumatatu asubuhi niliingia sheli na chupa ile mkononi. Bodaboda walikuwa wamepanga foleni, bajaji tatu, na akina mama waliokuwa wakivuka kuelekea sokoni. Gwamaka aliniona, akanisalimu kama kawaida: "Mwagonile, Baba Shani."

Sikuitikia. Niliinyanyua chupa juu ili kila mtu aione.

"Hii ndiyo petroli yako! Kwaya Jumapili, kuchakachua Jumatatu. Umeniangusha njiani na mke wangu na mbuzi wa akika ya mjukuu wangu. Mwizi mkubwa wewe!"

Bodaboda wakaanza kelele. Mmoja akasema na yeye pikipiki yake ilimzimikia wiki iliyopita. Mwingine akadai petroli ya pale ina harufu. Gwamaka aliitazama chupa kwa makini, halafu akanitazama mimi.

"Sijaweka maji," alisema.

Amon, mwenye sheli, alitoka ofisini. Ni kijana kuliko sisi, na biashara yake ilikuwa na mwaka mmoja tu. Aliangalia chupa, akaangalia watu, nikaona hofu usoni mwake. Akamwambia Gwamaka apumzike nyumbani mpaka jambo lichunguzwe. Gwamaka alivua kofia ya kazi, akaikunja, akaiweka juu ya pampu, akatembea kuelekea njia ya Njisi, anakoishi. Nilijiona nimeshinda.

Yule fundi wangu alibadilisha pampu ya mafuta, akabadilisha plagi zote nne, akaweka petroli mpya juu ya ile ya zamani. Gari likawaka, likaenda mita mia mbili, likazimika. Akabadilisha koili. Vilevile. Siku ya tatu aliniambia injini imekufa ndani na inabidi ifunguliwe. Salma ndiye aliyesema, "Lipeleke kwa Mama Tuntufye kabla hujauziwa injini nyingine."

Mama Tuntufye ndiye Anyosisye. Gereji yake iko kando ya barabara ya kwenda Kasumulu: paa la mabati, sakafu ya saruji inayofagiwa kila jioni, spana zimepangwa ukutani kila moja ikiwa na mchoro wa umbo lake. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, huvaa ovaroli ya buluu na kilemba. Aliwahi kuishi Karonga miaka minane, alikomfuata mume, na ufundi aliupata huko, katika gereji ya nyuma ya nyumba waliyopanga. Nilikuwa nasikia habari zake. Sikuwahi kwenda, na sababu yake ni ya kipuuzi, sitaisema.

Tulilivuta gari mpaka kwake Alhamisi. Hakushika spana. Alivuta stuli, akakaa, akaanza kuniuliza maswali kama daktari.

"Limetoka wapi?"

"Karonga."

"Tangi lilijazwa wapi?"

"Hukohuko. Lakini fundi, tatizo si huko. Tatizo ni sheli ya..."

"Nitafika huko, Baba Shani. Lilikaa muda gani bila kutembea?"

"Wiki tano."

"Chini ya paa?"

"Kwenye mvua."

Akanyanyuka, akafungua kifuniko cha tangi, akakigeuza. Mpira wake wa ndani ulikuwa umepasuka kama udongo wa kiangazi. Akaingiza kidole mdomoni mwa tangi, kikatoka na kutu. Akanusa, akatabasamu kidogo. "Namjua huyu," alisema. Nikadhani anamzungumzia mtu.

"Mwite Amon," akaniambia. "Aje na petroli ya pampu yake, aikinge yeye mwenyewe mbele ya wateja. Sitaki nikuonyeshe wewe peke yako. Ulisema mbele ya watu, na mimi nitapima mbele ya watu."

Amon alifika na kidumu kidogo, na nyuma yake bodaboda watano walioacha abiria kuja kuona. Anyosisye alituhamisha sote mpaka upande wa pili wa uwanja, mbali na magari, akaweka ndoo ya mchanga karibu. Akatoa chupa mbili za kunyonyeshea watoto, zile za plastiki zenye mistari na namba ubavuni.

"Hizi ni za kazi," alisema. "Asije mtu akamnyweshea mtoto."

Katika kila chupa alitia maji mpaka mstari wa hamsini. Ya kwanza akaijaza petroli ya juu juu kutoka kwenye tangi langu, mpaka mstari wa mia mbili. Ya pili akaijaza petroli ya Amon, mpaka mia mbili vilevile. Akazifunga, akazitikisa, akaziweka juu ya meza, akatuambia tusubiri. Bodaboda waliinama mpaka vichwa vikagongana.

Katika chupa ya Amon, maji yalirudi chini yakakaa palepale, kwenye hamsini, kana kwamba hayakuguswa. Katika chupa yangu mpaka ulipanda. Ulisimama karibu na sitini.

"Maji yameongezeka!" alisema bodaboda mmoja.

"Yameongezwa na nani? Nimetia hamsini mbele yako."

Yule kijana akainama tena kuitazama mistari.

"Hayo yaliyoongezeka ni spiriti," alisema Anyosisye. "Ethanoli. Wenzetu wa ng'ambo wanaitengeneza kwa molasi ya miwa na kuichanganya na petroli. Ilikuwa imejificha ndani ya petroli, na ilipoyaona maji ikahamia kwao. Petroli ya Amon haina spiriti, ndiyo maana mstari haukusogea. Sasa lete ile chupa uliyoibeba sheli."

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeitunza kama ushahidi. Aliimimina kwa uangalifu, akatenga kile kitu cha chini, akakimwaga kidogo kwenye kifuniko cha kopo, akasogea hatua mbili na kuwasha njiti ndefu.

"Baba Shani, maji yanawaka?"

"Hayawaki."

Akakigusisha moto. Ulitokea mwali wa buluu, umefifia, pembeni una rangi ya njano kidogo. Amon alivuta pumzi kwa sauti. Bodaboda wakasema "Eee!" kwa pamoja. Mimi nilihisi joto masikioni.

Lakini mimi ni mfanyabiashara na nina ubishi. Nikasema, "Sawa, kuna spiriti. Lakini maji nayo yamo. Gari lilikwenda wiki nzima bila shida. Nimetiwa mafuta kwa Gwamaka, kesho yake limekufa. Utasemaje hapo?"

Nilitegemea atakasirika. Badala yake macho yake yaling'aa, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mwenye swali.

"Hilo ndilo swali zuri kuliko yote ya leo," alisema. "Sikiliza. Spiriti ni kama mkalimani wetu pale Kasumulu. Anaelewana na petroli, anaelewana na maji, kwa hiyo anaweza kuwakalisha pamoja. Maji yalikuwa yakiingia kwenye tangi lako wiki tano, ya mvua kwenye kifuniko hiki kilichopasuka na ya unyevu wa hewa. Kila tone lililoingia, mkalimani alilishika mkono, akalikalisha ndani ya petroli. Hukuona kitu. Gari lilikohoa asubuhi tu. Ni kweli au si kweli?"

"Lilikohoa."

"Basi. Mkalimani alikuwa amefika mwisho wa nguvu zake. Halafu ukaenda kwa Mwalimu Gwamaka, akakutilia lita ishirini za petroli safi, isiyo na spiriti hata kidogo. Watu wakaongezeka, mkalimani akabaki yuleyule mmoja. Akazidiwa. Na akizidiwa huwaacha petroli, hushuka chini na maji. Tambarare walilala chini kabisa, bomba likanyonya petroli ya juu yao. Ulipoanza kupanda mlima, wakateleza nyuma, kwenye mdomo wa bomba, injini ikanyweshwa mchanganyiko ule."

Kisha akasema polepole, "Gari lako halikuzimika kwa sababu petroli ya Gwamaka ilikuwa chafu. Lilizimika kwa sababu ilikuwa safi."

Ili asiniachie pa kukimbilia, aliifungua kabureta palepale. Ndani ya kibakuli chake kulikuwa na ukoko mweupe umeng'ang'ania kwenye chuma. "Hii haijengeki siku moja," alisema. "Hii ni ya wiki nyingi." Halafu akaniomba namba ya Mzee Yohana, akampigia, akaweka sauti ya nje. Mzee alisalimu kwa heshima zote, akasikiliza, akasema, "Lakini nilimwambia ayatumie, asiyaweke. Hakukumbuka?"

Nilikumbuka. Nilizikumbuka hata zile taa za mbele.

"Ndaga, mwalimu," Anyosisye alimshukuru, akakata simu. Kisha akanigeukia. Hakuwa na ukali wowote. "Gari lako nitalitengeneza. Lile lingine, spana zangu hazifiki."

Mimi na Amon tulipanda bajaji mpaka Njisi mchana uleule. Tulimkuta Lucy, mke wa Gwamaka, uani, akipepeta mpunga. Alitukaribisha kwa sababu adabu ilimlazimisha, akatupa viti, akaendelea kupepeta.

"Jana kwenye mazoezi hakusimama mbele ya kwaya," alisema bila kuinua kichwa. "Hajapata kukosa tangu tuoane. Alisema hawezi kuwaongoza watu wanaomtazama mikono."

Hata sasa, nikiyarudia maneno hayo, nasikia aibu. Gwamaka alitoka shambani, suruali imekunjwa magotini, mundu mkononi. Nilisimama. Nilimwambia yote: mstari wa chupa, mwali wa buluu, mkalimani, simu ya Karonga. Nilimwambia nimekosa. Alisikiliza mpaka mwisho, na kitu pekee alichouliza kilikuwa, "Kwa hiyo spiriti iliacha petroli ikafuata maji?"

"Ndiyo."

"Ajabu," alisema. Nikaona kweli ameajabia. Kisha uso ukarudi kuwa mzito. "Nimekusikia, Bashiri. Lakini mke wangu akienda sokoni haendi na wewe pembeni umweleze kila mtu."

"Nitasema palepale nilipokutukana."

Amon akadakia, akamwomba arudi kazini kesho, akasema alikosa kumsikiliza. Gwamaka akaangalia mpunga wake. "Wiki hii navuna. Nitakuja Jumatatu." Amon akasema sawa, bosi. Ndiyo, alimwita bosi. Ulimi ulimteleza, na Lucy akacheka kwa mara ya kwanza.

Jumatatu nilikwenda sheli saa mbili asubuhi, saa ileile, foleni ikiwa imejaa. Nilipanda juu ya ukingo wa saruji wa pampu. Niliyotaka kusema nilikuwa nimeyaandaa, yakanipotea yote. Nikasema tu: "Siku ile nilisema Mwalimu Gwamaka ni mwizi. Nilisema uongo. Maji yalikuwa kwenye tangi langu kwa uzembe wangu, na petroli yake ni safi. Aliyenisikia siku ile akawaambie wengine." Gwamaka alinishika mkono kunisaidia kushuka. Baadaye alipoanza kumjazia mteja wa kwanza, nilisikia ile sauti ya nne, chini chini.

Anyosisye alilifanyia kazi gari langu siku tatu, na kwa kuwa duka lilikuwa na Salma, nilikaa kumtazama. Sijawahi kuona mikono ya namna ile. Alimwaga mafuta yote, akalishusha tangi, akaliosha, akalikausha kwa upepo wa kompresa. Mipira ya mafuta ya zamani aliikunja mbele yangu. Mmoja ulikuwa umelainika kama ndizi iliyoiva sana, mwingine umepasuka.

"Kumbe hii spiriti ni sumu," nilisema.

"Nani kasema?" Alinikazia macho. "Nimeishi nayo miaka minane. Magari ya kule yanainywa kila siku na yanazeeka salama. Inaungua vizuri, injini haigongi ukiibebesha mzigo, inasafisha uchafu uliogandamana ndani. Inakula mafuta zaidi kidogo, hilo ni kweli, maana lita yake haina nguvu sawa na lita ya petroli. Inachotaka ni kuheshimiwa: mpira unaoivumilia, kifuniko kizima, na tangi lisilolala. Gari linalotembea kila siku haliwezi kuharibiwa nayo. Ulichokosea wewe ni kuiacha mvuani."

Akanionyesha chujio la mafuta: limejaa unga wa kahawia. Ule ulikuwa uchafu wa miaka, spiriti ilikuwa imeubandua kutoka kwenye kuta za tangi. Akafunga jipya, akasema baada ya wiki lazima lifungwe jingine, kwa sababu mabaki yangeendelea kushuka. Yule fundi wa mwanzo hakuligusa kabisa.

Jambo lililonishangaza zaidi lilitokea mwishoni. Gari liliwaka mara moja, nikapiga makofi. Anyosisye akainua mkono ninyamaze. Alisimama karibu na bomba la moshi, amefumba macho, akinusa na kusikiliza.

"Analishwa kupita kiasi," alisema. Kumbe Mzee Yohana, au fundi wake, alikuwa amepanua tundu la mafuta ndani ya kabureta ili injini ipate chakula cha kutosha kutoka kwenye mafuta yenye spiriti. Kwa petroli yetu ya huku tundu hilo lilikuwa kubwa mno. Anyosisye alichagua tundu dogo kutoka kwenye kopo la vipuri vyake, akalifunga, akashika bisibisi, akaanza kuizungusha skrubu ya mchanganyiko. Robo mzunguko. Anasikiliza. Robo tena. Injini ilipanda sauti, ikatetema, akairudisha kidogo sana, kiasi ambacho mimi sikuona mkono ukisogea. Halafu mtetemo ukaisha. Glasi ya chai iliyokuwa juu ya boneti haikuwa na hata kijiwimbi. Na hakuwa na kipimo chochote mkononi zaidi ya bisibisi.

Alhamisi ya wiki hiyo alisema hawezi kunikabidhi gari ambalo halijapanda mlima. Tukaondoka mimi, yeye na Gwamaka, ambaye zamu yake ilikuwa ya jioni na aliomba kuja kuona. Nyuma tulipakia magunia sita ya mchele, kwa amri ya fundi, ili injini isipate kisingizio. Pale kwenye ile kona nilikaza mikono kwenye usukani. Hilux ikapita ikivuta kwa sauti moja, nzito, bila kuyumba. Gwamaka alianza kuimba. Anyosisye akamwambia anyamaze, anasikiliza injini, naye akanyamaza kwa unyenyekevu wa mtu aliyezoea kuwanyamazisha wengine.

Tulipofika juu, palipo na mashamba ya chai, aliniamuru niegeshe na kuzima. Akafungua boneti, akachomoa plagi moja kwa kitambaa, akaipuliza, akatuonyesha ncha yake. Ilikuwa na rangi ya kahawia iliyokauka, kama ganda la mkate.

"Ikiwa nyeusi, analishwa sana. Ikiwa nyeupe, ana njaa," alisema. "Hii imeshiba, imetosheka."

Gwamaka aliipokea, akaigeuza geuza kwenye kiganja. Alimuuliza nyeupe inakuwaje, akamuuliza kama gari likitoka Karonga na mafuta ya kule, lijazwe kwake moja kwa moja au limalize kwanza. Anyosisye akajibu kila swali, akachora kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Mimi nilisimama kando nikiwatazama, mpaka yeye mwenyewe akaangalia jua na kusema tugeuze, kuna mtu ameacha Noah yake gereji tangu asubuhi na anadai mafundi watatu wamemwambia imekufa.